Watoto 112 na Kipindi cha Dakika 30

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku Korogwe hatujambo, baba yako goti linamsumbua lakini shambani anakwenda. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Uliniandikia: “Mama, nimepewa darasa la pili, watoto 112, madawati 24. Nikigeukia ubao, kelele. Wenzangu wananiambia bila fimbo sitafundisha. Wewe uliwezaje?” Nakujibu kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Miaka mingi sikuweza, mwanangu. Nilikuwa na darasa lililotulia, na wakubwa waliopita dirishani walinisifu. Nikiuliza “Mmeelewa?” najibiwa “Ndiyooo mwalimu!” mpaka mabati yanalia. Kumbe nilikuwa nafundisha madawati matatu ya mbele.

Siku moja nikamsimamisha kijana wa darasa la nne asome. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, na daftari lake lilijaa vema zangu za wino mwekundu. Nikamwonyesha sentensi ya mwisho ya ukurasa. Akaanza kutiririka na sentensi ya kwanza. Nikamwonyesha ya katikati, akarudia ileile ya kwanza. Alikuwa amekariri ukurasa mzima kwa kusikia wenzake, na ubaoni alikuwa ananakili herufi kama mtu anayechora maua. Miaka minne ya shule, hakuna aliyegundua, na mmoja wa hao ni mimi. Usiku ule sikulala vizuri.

Sasa tupige hesabu. Dakika 30 ni sekunde 1,800. Gawa kwa 112, kila mtoto anapata sekunde 16. Huwezi kumfundisha kila mmoja kila siku, kwa hiyo acha kujilaumu. Lakini watoto 10 kwa siku unawaweza. Wakati wengine wanaandika, mmoja mmoja aje pembeni akusomee mstari mmoja, tena usiwe ule uliosomwa kwa pamoja. Katika siku 12 za shule umewasikia wote. Weka daftari dogo, andika nani yuko kwenye herufi, nani kwenye silabi, nani kwenye maneno, nani anasoma habari na kuielewa. Ukishajua hayo, panga vikundi kwa ngazi hizo, na kila kikundi kipate kazi yake. Anayesoma habari umemkalisha aimbe “ma me mi mo mu” na wenzake, kwa nini asipige kelele?

Maana kelele nyingi zinatokana na mikono isiyo na kazi. Fika kabla ya kengele, kazi ya kwanza iwe tayari ubaoni, waikute wakiingia. Kila safu iwe na kiranja wa kugawa na kukusanya madaftari, umbadilishe kila wiki, na mara mojamoja mpe cheo hicho yule mtundu kuliko wote. Ukitaka wakusikilize, piga makofi kwa mdundo, wakuitikie, kisha ongea kwa sauti ya chini. Ukipaza sauti na wao watapaza, na koo ni lako.

Kuhusu fimbo: kanuni za viboko shuleni za mwaka 2002 hazikupi ruhusa hiyo. Anayeruhusiwa ni mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na adhabu iandikwe kitabuni. Nami nilichapa, sitakuficha. Nilichokuja kugundua ni kwamba mtoto anayekuogopa hujificha kwenye “ndiyooo” ya wenzake. Hakosei peke yake mbele yako, na asipokosea utajuaje asichokijua?

Njia ya kufundisha kusoma nilibadilishiwa uzeeni. Mwaka 2015 ulipoletwa mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, nilikwenda semina nimenuna, nikiwa na miaka 27 kazini. Sisi tulifundisha majina ya herufi. Unamwambia mtoto hii ni “em”, hii ni “a”, halafu unataka asome “ma”. Kwa nini asiseme “ema”? Ukianza na sauti, akazishika silabi, Kiswahili kinamfungukia, kwa kuwa kinasomeka kama kilivyoandikwa. Hilo nililikubali, japo nilikuwa nimenuna.

Na hao wako wengi wanaongea Kisukuma nyumbani. Mtoto akikuandikia “balua” akiwa anataka barua, mwonyeshe, msome tena, usimwite mjinga. Wewe mwenyewe jifunze kuwaamkia “mwangaluka” asubuhi, uone watakavyocheka. Anayesinzia, muulize kwanza ametembea kutoka wapi na amekula nini.

Mtaala mpya, ule ulioanza Januari 2024, usikutishe. Mimi nimepita mitaala kadhaa na kila mmoja ulikuja na makaratasi yake. Azimio la kazi uwe nalo, andalio la somo uwe nalo, wathibiti ubora, wale tuliowaita wakaguzi, wakija watayaulizia, na wana haki. Ila azimio likisema wiki hii mko kwenye habari, na daftari lako dogo linasema watoto 40 hawajui silabi, mpelekee mwalimu mkuu hilo daftari. Mwambie unahitaji muda wa kuwasaidia hao 40, hata nusu saa kabla ya masomo. Usikimbize mada ili uonekane umemaliza. Nilizimaliza kila mwaka mimi, na yule kijana asiyejua kusoma alikuwa darasani mwangu.

Umesema huna zana za hesabu. Nimekuokotea vizibo vya soda kwenye baa ya jirani, vimejaa kiroba cha kilo 25. Nimevichemsha, nikavigonga kingo zisikate watoto vidole. Kumi kumi uwafungie kwenye vifuko, wahesabu makumi na mamoja. Vinaondoka Alhamisi na basi la Mwanza, kondakta nimeshamlipa, usikubali akudai tena. Na ndani kuna kanga yako uliyoisahau, usiigawie darasa.

Mama yako