Andika leksa yako kwa mkono

Msomaji mmoja ameniandikia akiuliza aanzie wapi, kwa kuwa anataka kuunda lugha yake ya programu. Najua wengi wenu mna hamu hiyohiyo, kwa hiyo namjibu hadharani: anza na leksa, yaani sehemu ya kompaila (programu inayotafsiri msimbo ili kompyuta iutekeleze) inayosoma msimbo herufi baada ya herufi na kuukata kuwa tokeni, vipande vidogo vyenye maana kama jina, namba au alama, nawe uiandike kwa mkono wako mwenyewe.

Nilipokuwa naunda lugha yangu, mtaalamu niliyemheshimu sana aliniambia kwamba kazi hiyo haistahili muda wa mtu makini, kwa sababu zana za kuizalisha zipo tangu zamani. Ni kweli zipo; Lex ya Mike Lesk na Eric Schmidt, iliyotoka katika maabara za Bell, ni ya mwaka 1975. Hata hivyo maneno yale yaliniuma, na bado yananiuma, kwa maana hatua aliyoidharau ndiyo iliyonifundisha kuliko nyingine zote.

Ilinifundisha kwanza kanuni ya kuchukua tokeni ndefu kadiri inavyowezekana. Katika C, `x+++y` husomwa kuwa `x++ + y`, hata kama mwandishi alikusudia vingine. Kwa kanuni hiyohiyo, anayeandika `a/*p` akitaka kugawanya a kwa thamani inayoelekezwa na p hujikuta amefungua maelezo, yaani sehemu ambayo kompaila huipuuza, na msimbo unaofuata humezwa mpaka itokee `*/`. Watumiaji wa C++ nao walilazimika kuacha nafasi kati ya alama mbili za `>` zinazofunga violezo (templates) vilivyopachikana, kwa sababu `>>` ilisomwa kuwa ni kusogeza biti, hadi kiwango cha mwaka 2011 kilipowaondolea sharti hilo.

Mimi nilitaka lugha yangu ikubali `1..10`, yaani kuanzia 1 hadi 10, kama Pascal. Leksa inayosoma namba hufika kwenye nukta ya kwanza ikadhani imekutana na desimali, hivyo ni lazima ichungulie herufi inayofuata kabla ya kuamua. Nililitatua jambo hilo bila zana yoyote, na ninajivunia, kwa sababu tangu hapo naelewa kila tokeni inakoanzia na inakoishia.

Wewe unayetamani kuunda lugha, amua mapema nafasi tupu ina maana gani. Fortran ya zamani ilizipuuza nafasi, kwa hiyo `DO 10 I = 1,10` ni kitanzi, lakini ukiweka nukta badala ya mkato, `DO 10 I = 1.10` inakuwa kukipa kigeu DO10I thamani ya 1.10. Python imekwenda upande wa pili kabisa: leksa yake huweka rundo la vipimo vya ujongezaji, ikatoa tokeni mstari unapoingia ndani na nyingine unaporudi nje. Usiige upande wowote kabla hujajua unachokitaka, na usikubali mtu akuharakishe.

Kuhusu maneno tengwa kama `if` na `while`, yasome kwanza kama majina ya kawaida, kisha uyatafute katika jedwali. Hapo hapana ugumu. Lakini hifadhi mstari na safu ya kila tokeni tangu mwanzo, kwa sababu kichanganuzi cha sarufi, yaani hatua inayopokea tokeni kutoka kwa leksa, kitazihitaji kila kinapotoa ujumbe wa kosa, na kuzipachika baadaye hukulazimu kugusa karibu kila faili la kompaila.