Jibu: Wawili wanaomaliza hesabu mapema

Mwalimu, umeuliza uwape nini wale wawili wa darasa la sita wanaomaliza hesabu wakati wenzao bado wanaandika tarehe. Usiwaongezee maswali ya aina ileile. Hiyo ni adhabu, na watajifunza kujikokota makusudi.

Kabla ya kuanza mada, wape maswali matano magumu ya mwisho wa sura. Anayepata manne aruke mazoezi ya kawaida. Darasa zima lijaribu lakini, maana Joseph Renzulli, mtafiti wa elimu ya wenye vipaji wa Marekani, aliandika mwaka 1978 kwamba kipaji ni uwezo, ubunifu na bidii kwa pamoja. Yule mtundu wa nyuma anayefungua redio anaweza kukushangaza.

Muda uliobaki wape jambo la kuchimba. Mfano: kila namba shufwa kubwa kuliko 2 iandikwe kama jumla ya namba tasa mbili; 10 ni 3 na 7. Swali hili lilitokana na barua ya mwanahisabati Goldbach ya mwaka 1742, na mpaka leo hakuna aliyethibitisha kwamba inawezekana kwa kila namba. Waambie hivyo, uone macho yao!

Shule za wenye vipaji kama Ilboru, Kibaha na Mzumbe ni za sekondari, usizisubiri. Na tafadhali, wasigeuke wasahihishaji wako wa madaftari.