Re: Ziara ya makumbusho, watoto wanakumbuka basi tu

Habari mwalimu. Yaani darasa la tatu wanazunguka makumbusho yote afu kesho yake ukiuliza wamejifunza nini, wanakutajia basi na soda, nimekuelewa vizuri kabisa.

Kwanza angalia mnapita vyumba vingapi. Mimi siku hizi natangulia kwenda mwenyewe, nachagua vitu vitatu tu, vingine tunavipita hivyohivyo hata kama mwongozaji atanuna kidogo. Na huyo mwongozaji mpigie mapema umwambie umri wao, maana wengi wamezoea watu wazima wanaanza na miaka na majina mpaka watoto wanalala wamesimama.

Wiki moja kabla, onyesha picha ya kitu kimoja darasani waulize kilikuwa cha kazi gani, usiwape jibu, waende kulitafuta wenyewe. Pale ndani kila mmoja achore kitu kimoja alichokipenda, kuchora kunamlazimisha aangalie, ila zile karatasi za maswali ishirini achana nazo, wananakiliana tu.

Makundi ya watano watano kila moja na mtu mzima wake, wazazi wapo wengi wanaokubali ukiwaomba mapema. Choo kwanza kabla ya chochote! Kuhesabu hesabu wewe mwenyewe kabla basi halijaondoka, usimwachie kiranja.

Sijui mkuu wako anakupa muda kiasi gani, ila kipindi cha kesho yake asubuhi kipiganie wasimulie michoro yao, ukichelewesha mpaka Ijumaa imeisha hiyo.