Anti, shuleni mpole, akifika nyumbani anapasuka

SWALI: Anti shikamoo. Nina binti wa miaka 14, kaanza kidato cha kwanza Januari hii, shule ya kata ya hapa kwetu Morogoro, ya kutwa. Ana usonji, daktari alituambia akiwa darasa la nne, ila anaongea vizuri na darasani hakosi kwenye kumi bora, kwahiyo watu hawaamini. Msingi alikuwa na mwalimu aliyemzoea na dawati lake lilelile miaka yote, huku walimu tisa, kila kipindi sura mpya alafu masomo yote Kiingereza. Mwalimu wa darasa ananiambia "mama huyu mtoto mpole sana, hana shida, kwanza usonji si ni wa watoto wa kiume?" Lakini akiingia tu ndani Anti anatupa begi, anavua sweta kama linamuunguza, analia anajigonga kichwa ukutani saa nzima, baada ya hapo hasemi neno mpaka kesho yake. Bibi yake anataka tumpeleke kwenye maombi, baba yake anasema namdekeza, apelekwe bweni akakomae. Juzi nimekuta nyuma ya daftari lake la hesabu kaandika saa tupu, "3:20 imepigwa 3:26, 4:00 imepigwa 4:03", kurasa nne nzima. Nikamuuliza hii nini, akasema kengele. Sielewi. Nifanyeje?
Mama Fomu Wani, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hizo kurasa nne maana naona we umezipita haraka, na mtoto kashakuandikia kila kitu humo.

Mi nimefundisha sekondari miaka mingi, hizo kengele nazijua. Rimu la gari limening'inizwa kwenye mwembe, linapigwa na kipande cha nondo, na aliyetumwa kupiga anapiga akikumbuka. Kwa wewe na mimi ni kelele inapita. Kwa mtoto ambaye masikio yake hayachuji sauti, kile chuma kinaingia mpaka kwenye meno, na kinachomuumiza zaidi ni kutojua kinakuja saa ngapi. Ratiba inasema 3:20, yeye toka 3:15 kashaacha kusikiliza Baiolojia, kakaza mabega anasubiri, dakika sita zinapita haijapigwa, ndio inapigwa akiwa kashachoka. Sasa zidisha kwa kengele zote za siku. Anaandika zile saa ili apate mahali pa kushika.

Wakati nafundisha nilikuwa na binti wa namna hii, hakuna aliyejua jina la tatizo lake, tulimwita tu mtoto wa ajabu (na mimi nilimwita hivyo, sijitoi). Siku moja mwenzangu wa zamu akamkabidhi nondo kwa sababu alikuwa wa kwanza kufika, basi toka hapo yule mtoto hakuziba tena masikio. Mkono ukiwa ni wake, sauti haimshtui. Alipiga kwa sekunde kamili mpaka walimu wa vipindi vya mwisho wakaanza kulalamika kwamba wanakatwa katikati ya sentensi. Kwahiyo la kwanza ukienda shule ni hili, muombe mwalimu wa zamu huyu awe mtunza muda, na kama haiwezekani basi akae mbali na dirisha la upande wa ule mwembe na asihamishwe hapo mpaka mwaka uishe. Dawati moja, hata walimu wawe tisa.

Sasa huo upole. Mwalimu hakudanganyi, anachokiona ni mtoto anayejikaza. Mabinti wengi wenye usonji wanajifunza mapema kuangalia wenzao na kuiga, wenzake wakicheka anacheka, wakisimama anasimama, anahesabu moyoni amtazame mwalimu usoni kwa muda gani ili asionekane hana adabu. Ni kama kutembea na ndoo kichwani toka paredi mpaka saa tisa alasiri bila kuitua, alafu we unashangaa akifika kwako inamwagika. Na hiyo ya watoto wa kiume, mwambie mwalimu hivi: yule daktari wa Marekani, Leo Kanner, alipoandika habari za usonji mwaka 1943 alieleza watoto 11, na watatu kati yao walikuwa wasichana. Walikuwepo toka siku ya kwanza, ila wavulana ndio walionekana zaidi.

Kwahiyo akirudi usimuulize za shule. Najua mdomo unawasha, ila usiulize. Mwachie maji ya kunywa na gauni lake lililochakaa kitandani, funga pazia, wadogo zake watoke nje, mpe nusu saa au zaidi. Akianza kujigonga weka mto kati ya kichwa na ukuta, usimshike kwa nguvu wala usimhutubie. Ukitaka kujua kilichotokea mwachie swali kwenye karatasi usiku, huyu umeshaona anaandika. Na hilo sweta geuza uangalie lebo ya shingoni, ikate yote na nyuzi zake. Bibi kama anataka kumuombea amuombee hapohapo nyumbani kwa sauti ya chini, ila maombi ya spika kubwa na watu kumshika kichwa, hapana kabisa.

Kiingereza kinawalemea wote wa kidato cha kwanza, ila yeye akiambiwa ni marufuku kuongea Kiswahili anaamini hivyo hivyo, na kwa kuwa hataki kukosea sentensi ananyamaza kabisa. Muulize kama anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Nina wasiwasi anabana mkojo kutwa nzima. Walimu wajue kwamba maneno anayachukua kama yalivyo, ukimwambia "sitaki kusikia hata pumzi" hata jina lake likiitwa hataitika, na hapo ndio viboko vinaanza kwa kosa la jeuri. Kanuni za mwaka 2002 zinasema kiboko mwisho vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini kwa maandishi, na binti achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. We nenda ukaombe huyu asichapwe kabisa, na cheti cha daktari uwe nacho mkononi, utoe kopi ibaki kwenye faili lake. Hiyo kopi itakufaa pia kwenye usajili wa mtihani wa kidato cha pili, Baraza la Mitihani lina utaratibu wa muda wa ziada kwa wenye mahitaji maalumu lakini shule ndiyo inayopeleka taarifa. Wakikwambia mpeleke shule za wenye ulemavu, ipo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ana haki ya kusoma hapohapo na wenzake.

Bweni mwaka huu usithubutu. Ile saa moja ya kulia anayoipata kwako, bwenini ataipata wapi, juu ya kitanda cha dabodeka watu arobaini wanamwangalia? Baba yake mpe kazi. Yeye ndiye aende kwa mkuu wa shule na hicho cheti, shati kachomekea, maana wakuu wa shule wengi wanamsikiliza baba haraka kuliko mama. Sio haki, najua, lakini Jumatatu hatuna muda wa kubishana nao. Na kabla hajaondoka msomeshe hizo kurasa nne.