Makocha wawili wanamgombea mwanangu, na yeye anazidi kuchoka

Swali

Mwalimu shikamoo, kama umenizidi. Mi ni mama wa watoto watatu nakaa Tabata Kimanga, wa kwanza ana miaka 16 yuko Form Three na huyo ndo anaeninyima usingizi. Anacheza mpira, kiungo, na sio kwamba namsifia kwa vile nimemzaa, watu wanakuja mpaka nyumbani kumuulizia. Shule yake iko Buguruni, wana mazoezi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa wakitoka darasani, masaa mawili mawili. Mwaka jana ikaja klabu moja ya vijana ikamchukua, wao wanafanyia Sinza, Jumanne na Alhamisi jioni na Jumamosi asubuhi, nao masaa mawili, afu Jumapili mechi. Jumamosi jioni yuko tena na vijana wa mtaani kwenye ndondo. Kutoka shule mpaka Sinza anapanda gari la Ubungo, na barabara ya Mandela jioni unaijua ilivyo, halafu anaunganisha, kurudi nyumbani saa mbili usiku au na nusu.

Sasa ameitwa kombaini ya wilaya, ile timu ya waliochaguliwa kutoka shule mbalimbali, kwa ajili ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Mwalimu wa michezo anasema shule ndo imemtoa, kwaiyo hakuna cha kukosa. Kocha wa klabu anasema ligi yao imefika pazuri, anaekwenda kombaini ajue namba yake anapewa mwingine. Mtoto kila mmoja kamwambia ndiyo. Wiki mbili zilizopita akamdanganya mwalimu kwamba tumbo linamuuma, akaenda kucheza na klabu, mwalimu akaja kuiona picha yake kwenye status ya WhatsApp ya mwenzie akiwa na jezi. Niliitwa shule, niliona aibu sana. Na juzi usiku nimempakulia ugali nikaenda jikoni kuchukua maji, narudi nakuta kalala na tonge mkononi. Kuna kitu kingine, chini ya goti la kulia pana kauvimbe kagumu, akipiga magoti kuswali anakunja uso. Anasema ni kawaida. Baba yake anasema achague moja, shule au klabu. Mi sijui nisimame wapi. Nisaidie Mwalimu.

*Mama wa Tabata*

Jibu

Marahaba mama, na pole sana. Nimeisoma barua yako mara tatu, na pale pa tonge nimekaa muda, maana miaka niliyofundisha michezo nimeona watoto wa aina hiyo wengi, na karibu wote walikuwa ni wale wazuri. Yule asiyejua mpira hagombewi na mtu, jioni anapumzika zake.

Naanza na hilo la uongo kwa sababu ndo limekuumiza na ndo naona limeeleweka vibaya. Mwanao hajawa muongo. Amepewa kazi ambayo sio ya umri wake, kazi ya kupeleka maneno kati ya watu wazima wawili ambao kila mmoja ana uwezo wa kumuweka benchi. Mtoto wa miaka 16 hawezi kumwambia mwalimu wake "Jumatano sitokuja kwa sababu nimechoka", atasema tumbo linauma. Wala kocha wa klabu mtoto hawezi kumwambia "kombaini ni muhimu kwangu", atasema ndiyo kocha. Kila mtu mbele yake anapata ndiyo, afu siku ikifika lazima mmoja adanganywe. Kwaiyo kitu cha kwanza kabisa, kabla ya goti na kabla ya ratiba, mtoe mtoto katikati. Kuanzia leo taarifa za mazoezi na mechi zipite kwako au kwa baba yake. Mwambie hivyo hivyo usiku, "mwanangu, kuanzia leo makocha wako nitaongea nao mimi", afu uangalie mabega yake yatakavyoshuka.

Sasa tuhesabu maana naona kwenu hakuna aliyekaa akahesabu. Shule masaa 6, klabu mazoezi masaa 6, mechi ya Jumapili weka 2, ndondo weka 2, jumla 16 kwa wiki. Madaktari wa michezo wana kipimo wanachowapa wazazi ambacho ni rahisi kukumbuka, masaa ya mazoezi na mechi kwa wiki yasizidi miaka ya mtoto, na katika kila wiki iwepo angalau siku moja isiyo na mchezo kabisa. Mwanao ana miaka 16 na masaa 16, yaani yuko kwenye ukingo kabla kombaini haijaanza, na siku ya kupumzika hana hata moja kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili! Hapo hatujagusa masaa ya kusimama kwenye daladala na begi kifuani. Mwalimu wa michezo anaona masaa sita tu, anasema mbona kidogo. Kocha wa klabu anaona manane, naye anasema mbona kidogo. Wote wawili wanasema kweli kwa wanachokiona. Anaeziona zote 16 ni ule mwili tu, na usingizi wa kijana wa umri ule inatakiwa ufike masaa 8 mpaka 10, sasa anaerudi saa mbili na nusu usiku, aoge, ale, afanye homuweki, afu saa kumi na moja alfajiri awe ameamka kuwahi gari, hayo masaa nane anayatoa wapi?

Kuhusu goti, mama, hili usilisogeze mbele. Watoto wanaorefuka haraka na wanaokimbia na kuruka sana hupata maumivu pale pale ulipopataja, chini ya goti mfupa wa muundi unapoanzia. Msuli mkubwa wa paja umejishika hapo, na mfupa wa kijana anayekua bado haujakomaa sehemu hiyo, sasa kila akipiga shuti au akiruka msuli unavuta pale pale, panavimba, panakuwa pagumu, na kupiga magoti kunauma. Madaktari wanaita Osgood-Schlatter. Kwa kawaida hupoa akipunguza mazoezi na akimaliza kukua, lakini mi sio daktari na sijaliona goti lake, kwaiyo nenda nae hospitali ya Amana wamuangalie, wakiona haja watawapa rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Ila akianza kuamka usiku kwa maumivu, au goti lote likavimba, au likaja na homa, au akashindwa kulikanyagia, usisubiri kliniki, nenda siku hiyo hiyo. Na tafadhali asimeze diklofenaki za duka la dawa ili acheze Jumapili. Nilikuwa na binti wa netiboli aliyefanya hivyo muhula mzima, mi nikawa namsifia kwamba ana moyo, kumbe alikuwa ananificha, na nilipokuja kumuona anashuka ngazi za darasa kinyumenyume akishikilia ukuta ndo nikajua nilikuwa simuangalii. Mpaka leo linanikaa.

Sasa baba yake anasema achague moja. Namuelewa, anataka fujo iishe. Lakini sikubaliani nae, na nitasema kwa nini. Marekani walishalipita hili kwa ngazi kubwa. Shirikisho lao la soka lilianzisha ligi ya akademi mwaka 2007, na 2012 wakarefusha msimu ukawa wa miezi kumi, wakawaambia watoto ukiwa akademi basi timu ya shule usicheze. Watoto wa miaka 14, 15 wakawa wanachaguzwa kati ya marafiki zao wa darasani na ndoto yao. 2020 ule mfumo ukafungwa. Pale kuna hela, kuna mabasi, kuna viwanja vya nyasi, na bado mzigo wa kuchagua walimbebesha mtoto. Sisi ambao tunagombania kiwanja kimoja na wanaofanya bonanza hatuna sababu ya kuiga hilo. Shule inampa mwanao kitu ambacho klabu haina, watu wanaomjua kwa jina la baba yake na watakaobaki nae goti likikataa. Klabu inampa ushindani na macho ya watu. Vyote anavihitaji kwa sasa.

Kilichopo cha kuiga kutoka huko huko ni kitu kimoja, klabu nyingi nje ya mfumo ule zinagawa msimu na shule. Katika kipindi fulani upande mmoja ndo mkubwa, mwingine unapungua, na kila mtu anajua tarehe. Kwaiyo ningekuwa mimi ningefanya hivi. Kombaini inapoanza mpaka UMISSETA iishe, shule ndo mkubwa, klabu isimdai mazoezi hata siku moja. Ikiisha apumzike kwanza, mpira mguuni usiwepo kabisa, wiki mbili sio nyingi, afu klabu ndo inakuwa mkubwa na shule inamchukua Jumatano na Ijumaa basi. Jumatatu iwe siku yake ya kukaa, sababu ametoka mechi Jumapili. Na ndondo, najua itauma maana pale ndo wako rafiki zake, ndondo isimame mpaka goti lipone. Ukitoa Jumatatu na ndondo umebaki na masaa 12. Hapo mtoto anapumua. Daktari akisema punguza zaidi ya hapo, la daktari ndo lifuatwe, hata kama ni kombaini.

Utawaambiaje makocha? Usipige simu. Nenda na baba yake, na muende na karatasi mmeandika siku zote saba na masaa, zile 16. Anza shule. Ukifika usianze na kulalamika, anza kwa kumuombea mtoto radhi kwa ule uongo, afu mpe karatasi asome mwenyewe. Nimekaa upande ule wa meza, nakwambia walimu wengi hawajawahi kuiona wiki nzima ya mtoto imeandikwa sehemu moja. Omba namba ya kocha wa klabu na ya mwalimu ziwe kwa wote wawili, waongee wenyewe. Kocha wa klabu akirudia lile la kumpa mtu mwingine namba, muulize kwa heshima, je goti likikatika klabu itamtibu? Jibu lake litakusaidia kujua mwanao yuko kwa nani.

Na klabu ikileta fomu ya kusaini, mtoto asisaini peke yake uwanjani. Iende nyumbani, isomwe, mbaki na nakala. Sheria za FIFA zinasema mchezaji aliye chini ya miaka 18 mkataba wake wa kulipwa hauzidi miaka 3, sasa ukiona karatasi ina miaka mitano hapo pana shida.

Mwakani yuko Form Four, mtihani ni Novemba. Kaeni naye mapema mhesabu kurudi nyuma kutoka Novemba, klabu iambiwe mwezi gani atapunguza na mwezi gani ataacha kabisa, isije ikawa habari mpya kwao Septemba. Akikwambia mama nitachelewa, mkumbushe Mbwana Samatta, mshambuliaji, kijana wa Mbagala pale, alifika klabu ya Genk ya Ubelgiji Januari 2016 akiwa na miaka 23. Mwanao ana miaka saba mbele yake.

Swali

Shikamoo Mwalimu, mi ni msichana wa Form Two, nacheza kikapu. Shule nachezeshwa senta, yule wa karibu na ringi, kwa sababu ni mrefu, klabu kocha ananifundisha kucheza gadi, yule anaeleta mpira mbele na kugawa pasi. Mwalimu anasema klabu wananiharibu, klabu wanasema shule wananipotezea muda. Mazoezi ya klabu ni Upanga yanaisha saa moja na nusu usiku, mama ananipigia simu kila dakika. Nimsikilize nani?

Jibu

Marahaba mwanangu. Kwenye namba, wasikilize wote wawili. Mrefu anaejua kudriblu na kutoa pasi anatafutwa kila mahali, na gadi anaejua kucheza mgongo ukiwa kwenye ringi ni hatari, kwaiyo wanakujenga hata kama wao wenyewe hawaelewani. Shule cheza senta kwa moyo wote, klabu cheza gadi, usimwambie huyu yule kasema nini.

Ila kwenye hiyo saa moja na nusu usiku msikilize mama. Kabla ya mazoezi yanayofuata mama aongee na kocha wapange, ama unatoka saa kumi na mbili kasorobo, ama kuna mchezaji mkubwa wa kike wa njia moja na wewe anaekufikisha hadi nyumbani, na mama awe na namba yake. Kisiwepo kitu cha "utapata usafiri tu". Kama klabu haiwezi kupanga hilo, baki na shule mpaka itakapoweza, kikapu chako hakitakimbia.

Swali

Mwalimu habari, mi ni kocha wa timu ya vijana huku Temeke. Shule zinatuficha wachezaji kipindi cha UMISSETA, tunashtukia siku ya mechi. Tufanyeje?

Jibu

Salama kocha. Nakuuliza, ratiba ya ligi yenu shule imewahi kuiona? Wachezaji wako wangapi ni wanafunzi, na wanasoma shule zipi, unazo kwenye daftari? Anzia hapo. Andika barua fupi kwa mkuu wa shule, majina ya vijana, siku za mazoezi, tarehe za mechi, namba yako ya simu, na sentensi moja ya kuomba ratiba yao ya kombaini. Mwalimu wa michezo mpelekee nakala yake mkononi, usimpe mchezaji aipeleke. Nenda Jumatatu mapema, kabla ya paredi, vikao vya mkuu wa shule vikishaanza utakaa kwenye benchi la nje mpaka adhuhuri.