Muulize Fundi wa Saa: Je, Kweli Haijavaliwa?

SWALI: Mzee, habari za kazi? Nimeona saa ya Bulova ya mstatili, ya kutia ufunguo, kwa muuzaji mmoja katikati ya jiji. Anaapa haijawahi kuvaliwa: iko ndani ya boksi lake na lebo ya bei bado inaning'inia. Nyuma imeandikwa L6 na 10K. Anataka shilingi 22,000. Akiitia ufunguo inatembea. Nichukue? Na nikichukua, niivae au niifungie? – Msomaji, Umoja.

JIBU: Kazi inaendelea, ndugu yangu. Hiyo L6 ni mwaka. Bulova waliandika herufi na namba. L ni miaka ya 1950, M ya 1960, kwa hiyo saa yako ni ya 1956. Boksi mimi silitilii maanani. Maboksi huuzwa peke yake, na lebo ni karatasi na uzi tu.

Mimi hutazama kona. Hiyo 10K ni dhahabu ya karati 10, na kwenye saa nyingi za aina hiyo ni utando tu juu ya madini mengine. Kona nne za mstatili ndizo husuguana na mkono wa shati, basi hapo ndipo dhahabu huisha kwanza. Rangi nyingine ikichungulia hata kwenye kona moja, ilivaliwa. Kona zikiwa zimelainika na kung'aa mno, imepigwa polishi, na kwangu hilo ni baya kuliko kuvaliwa. Kisha toa mkanda uangalie pale pini zinapoingia: mikwaruzo hapo maana yake mkanda umeshabadilishwa.

Halafu mfuniko ufunguliwe. Mafundi tuna tabia ya kukwaruza tarehe na alama zetu kwa ndani, kwa ncha kali, maandishi madogo ya kuonekana kwa lenzi. Ukikuta tarehe mbili tatu humo, mwulize muuzaji saa isiyovaliwa ilienda kwa fundi kufanya nini. Ifunguliwe kabla hujatoa pesa. Akikataa, achana naye. Nairobi haijaishiwa saa.

Na mwambie aache kuitia ufunguo! Mafuta ya zamani hukauka yakawa gundi, na saa ikilazimishwa kutembea hivyo inajila yenyewe. Ioshwe na kutiwa mafuta mapya kwanza. Kioo nacho usikigonge. Cha duara utakipata River Road siku hiyo hiyo, lakini cha mstatili kila modeli ina kipimo chake, pengine utachongewa.

Kama namba au mishale ina rangi ya kahawia iliyokuwa iking'aa gizani, huenda ni radiamu, madini yenye mionzi ya hatari. Kuacha kung'aa si kuisha: radiamu hupungua nusu kwa miaka 1,600 hivi. Asikwangue mtu, asipulize mtu.

Kona na mfuniko vikipita, chukua, ila punguziwa gharama ya kuosha. Na uivae, mimi si mtu wa kufungia saa. Epuka maji tu, maana saa za mstatili za enzi hizo mfuniko wake hubanwa, hauskrubiwi kama wa Rolex Oyster ya 1926. Mvua ya Aprili ikianza, iache nyumbani. Mkanda wa asili urudishe boksini, ununue mwingine, lakini pima nafasi kwa milimita kwanza. Nyingi za aina hiyo hazikubali mkanda wa 18.