Mtoto wa farasi akichechemea, usimsingizie mama yake

Mtoto wa farasi wa siku tano anaamka akichechemea, na neno la kwanza zizini ni "mama yake kamkanyaga." Hutokea, ila si mara nyingi kama inavyosemwa. Akiwa bado hajatimiza mwezi, chukulia kuwa kiungo kimeingia usaha mpaka vipimo vikatae, na daktari wa mifugo aitwe siku hiyohiyo. Bakteria hupenya kwenye kitovu, utumbo au mapafu, hubebwa na damu na kutua viungoni na kwenye ncha za mifupa inayokua. Usaha huanza kula gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kiungoni, ndani ya siku chache, na gegedu lililoliwa halirudi.

Wakati mnamsubiri daktari, pima joto: kawaida ni nyuzi 37.2 hadi 38.9. Likiwa la kawaida lisikutulize, kwani wapo wasiopata homa kabisa. Pitisha kiganja kiungo kwa kiungo, ukilinganisha mguu wa kushoto na wa kulia. Nyonga haionyeshi uvimbe, hivyo mguu usiokanyagika huku viungo vya chini vikiwa safi ni wa kutiliwa shaka zaidi. Tazama na kiwele cha mama: kikiwa kimejaa na kinadondosha maziwa, mtoto hanyonyi. Usimpe fenilbutazoni, dawa ya kutuliza maumivu, uliyobakiza ya farasi wakubwa. Huficha mchechemeo, na kwa mtoto huchoma tumbo na kuumiza figo.

Daktari atavuta ute wa kiungo. Ulio mzima ni wa manjano hafifu, unapitisha mwanga na huvutika kama uzi kati ya vidole. Wenye maambukizi huwa mwepesi na wa ukungu. Chembe nyeupe za damu ndani yake zikizidi 30,000 kwa mikrolita, huo karibu hakika ni usaha. Omba ute huo uoteshwe maabara, uchukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, na bakteria wasipoota usiseme kiungo ni kizima. Picha ya eksirei ya siku za mwanzo nayo hudanganya: mfupa ulioharibika mara nyingi huchukua wiki moja au zaidi kuonekana, basi irudiwe.

Tiba ni kukisafisha kiungo kwa lita kadhaa za maji tasa ya chumvi, pamoja na antibiotiki ya mshipani na nyingine ndani ya kiungo chenyewe. Kuosha mara moja aghalabu hakutoshi. Kosa linalorudisha wengi hospitalini ni kuacha dawa mtoto anapoanza kukimbia. Kwa kawaida dozi huendelea wiki kadhaa baada ya hapo.

Mzizi wa haya yote mara nyingi ni kukosa dang'a ya kutosha, yaani maziwa ya kwanza ya mama yenye kingamwili. Anywe lita 1 hadi 2 ndani ya saa 6 za mwanzo, kisha damu ipimwe kingamwili akifikisha saa 18 hadi 24. Kuanzia miligramu 800 kwa desilita kunatosha. Chini ya 400 anahitaji plazma (majimaji ya damu yenye kingamwili) ya mshipani, kwa sababu utumbo umeshafunga mlango na haupitishi tena kingamwili. Kitovu kichovywe kwenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 0.5 mara kadhaa kwa siku, siku chache za mwanzo. Iodini kali ya asilimia 7 huunguza ngozi, na ngozi iliyoungua ni mlango mwingine.

Aliyezaliwa kabla ya siku 320 za mimba ana hatari yake: vijifupa vya magoti ya mbele na vya hoki (kiungo cha kisigino cha mguu wa nyuma) huenda bado ni gegedu tupu, na uzito wake mwenyewe huvibonda. Apigwe eksirei kabla ya kuachiwa uwanjani.

Akishafikisha miezi kadhaa, akavimba hoki au goti la nyuma huku akiwa mchangamfu, bila homa na akichechemea kidogo tu, hiyo ni hadithi nyingine: gegedu limeshindwa kugeuka mfupa na kipande kinabanduka. Hapa usikimbilie kisu. Madoa haya ya gegedu kwenye hoki huweza kujiponya hadi miezi 5 hivi, ya goti la nyuma hadi 8. Yakibaki baada ya umri huo, kipande hutolewa kwa kamera ndogo. Punguza nafaka, kwa kuwa unene na ukuaji wa kasi huchochea tatizo, na hakikisha mama alipata shaba ya kutosha miezi ya mwisho ya mimba. Ukimwongezea mtoto baada ya kuzaliwa, faida ni ndogo: akiba ya shaba huwekwa kwenye ini mtoto akiwa bado tumboni.